Alama ya Sikio la Kulia

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Letisia Yoakimu. Umri: miaka 38. Kazi: mwalimu wa shule ya msingi. Makazi: Mogitu, zamani Jorodom.

Mimi ni mke wa Baltazar mliyemkamata. Desemba 2023 matope ya mlima yalichukua nyumba yetu Jorodom na maksai wetu wawili. Tukahamia Mogitu, tukawa tunalima kwa jembe la mkono.

Mnamo tarehe 13/03/2025 jioni, maksai mwekundu aliingia zizini pamoja na ng'ombe wetu. Baltazar akasema Mungu amerudisha mmoja. Nilimwambia nimeona alama ya kina mzee Gidamis, mfugaji jirani yetu wa bondeni.

Afisa ameniuliza alama gani. Mimi kazi yangu ni alama za kalamu nyekundu kwenye daftari. Wapima ardhi waliokuja baada ya maporomoko nao waliziita alama nguzo zao za saruji. Leo daktari naye ameniuliza alama za mwilini mwa majeruhi. Kwa mfugaji ni mkato wa sikio, kila ukoo na wake. Neno moja limebebeshwa yote hayo, ila la sikio ndilo lililomwaga damu.

Tarehe 14, saa kumi na mbili jioni, Baltazar alikata upya sikio la kushoto la maksai yule ili alama iwe yetu. Sisi hukata sikio moja tu. La kulia hakuliangalia.

Tarehe 15, Jumamosi, saa nne asubuhi, nilikuwa uani nasahihisha madaftari. Gidamis akafika. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Akauliza, "Maksai wangu hajapita huku?" Baltazar akajibu, "Hajapita." Mzee akaingia zizini, akainua sikio la kulia. Wao hukata yote mawili, na la kulia bado lilikuwa na alama yao. Hakumwuliza mume wangu, aliniuliza mimi: "Mwalimu, hili lingine nani amelikata?"

Niliinamia madaftari. Baltazar akachukua shoka la kuni akampiga begani, nikasikia mfupa. Mzee akayumba hadi uani, akainua mkono kujikinga, akapigwa kichwani. Akaangukia meza yangu, damu ikalowesha madaftari ya darasa la tatu. Akiwa chini akapigwa tena mara mbili. Hapo ndipo nilipopiga kelele, wakati kelele hazisaidii kitu. Najichukia.

Baltazar amewaambia mzee ndiye aliyeanza kwa fimbo. Ni uongo. Fimbo aliiegemeza mlangoni alipofika, kwa heshima, na bado ipo pale.

Swali la mzee nalijibu sasa. Aliyeshika kisu ni Baltazar. Aliyeshika kamba ya maksai ni mimi. Akizinduka, naomba mumwambie mwalimu amejibu.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu, sina la kupunguza.
Sahihi: L. Yoakimu

Nimeandika mimi, Koplo Severine, kuanzia saa 8:05 hadi saa 9:20 mchana. Saa 8:50 hospitali ilipiga simu kwamba majeruhi amefariki. Sikumkatiza shahidi.