Usifute Nguzo za Katikati

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia hapa Maisaka. Marahaba. Mama yako amemaliza kuvuna maharage, na goti langu linaendelea vizuri.

Unasema mkuu wako wa kazi anataka ufute nguzo zinazoning'inia katikati ya mchoro wako wa hesabu, zile za kilichopungua na kilichoongezeka, zibaki mbili tu, ya mwanzo na ya mwisho. Unauliza ufanyeje. Nimekasirika mpaka chai imepoa.

Nikiwa kijana, bwana mifugo alikosea kipimo cha dawa ya kuogeshea ng'ombe wetu. Mwisho wa mwaka akaandika: walikuwa arobaini, sasa thelathini na wanane, wamepungua wawili tu. Mimi nikachukua mkaa, nikachora ukutani nguzo ya arobaini. Kutoka kileleni nikashusha kipande cha kumi na mmoja waliokufa. Kilipoishia, nikapandisha kipande cha ndama tisa waliozaliwa. Ndipo nikafika thelathini na wanane.

"Si hesabu ile ile?" akauliza yule bwana.

Ndiyo, ile ile. Lakini wale kumi na mmoja tulikuwa tunawaita kwa majina.

Mwambie mkuu wako babu yako amekataa.

Babu yako