Mashine Yangu Haijachoka

Morogoro, Jumapili

Kaka yangu Gervas,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Mguu wa mama unaendeleaje baada ya ile dawa? Mimi ni mzima, ila mvua za Uluguru hazitupi nafasi ya kuanika hata leso.

Utaona barua hii imechapwa. Imechapwa na ile kompyuta kuukuu uliyoniandikia niiuze, nirudi Songea nipumzike.

Barua yako ilifika Jumatatu, siku mbaya. Mama mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mboga alikuwa amekaa kitandani kwangu, maana chumba ndiyo ofisi, na wenzake wawili, wameshuka mlimani kwa miguu na katiba yao kwenye daftari. Ilitakiwa wilayani Jumatano ikiwa imechapwa, la sivyo kikundi hakiandikishwi na dalali wa Dumila anaendelea kuwapangia bei. Nilipofika ukurasa wa tisa kompyuta ikaganda, ikaandika kwamba memori haitoshi.

Nikamwita fundi mwenye duka jirani. Hata hakukaa. "Mama, hii imechoka," akasema. "Nunua mpya."

Kaka, hayo ndiyo maneno aliyoniambia ofisa wa mwekezaji walipobinafsisha kiwanda chetu, baada ya miaka ishirini na mbili ya kupiga taipu. Nikamwambia sitaki mpya, nataka kujua hiyo memori inajazwa na nini. Akanieleza shingo upande kwamba kila ulichokifungua usikifunge kinakaa humo humo.

Nikainamia skrini. Chini kabisa zilijipanga barua za wateja wa wiki nzima, zote wazi. Kosa ni langu, sikufichi. Kiwandani barua haikufungwa mpaka meneja atie sahihi, nami nilikuwa nazishusha chini tu zikiwasubiri wenyewe waje kusahihisha. Tena jioni siizimi mashine, naifunika kitambaa kama taipureta. Kumbe ule umeme wa kukatika-katika ninaoulaani kila siku ndio uliokuwa unaisafisha! Wiki hiyo haukukatika hata mara moja, nami nikawa nashangilia.

Nikahifadhi, nikafunga moja moja. Nikaondoa michezo na muziki wa mwenye mashine wa kwanza, vitu vinavyojiwasha bila kuitwa. Ikapata nafuu, lakini bado ikawa inasuasua. Nikamwambia fundi alete kipande cha memori kutoka kwenye kompyuta mbovu iliyolala dukani kwake. Akauliza kama nitaweza kukiweka. Nikampa tochi anishikie.

Nilipokwisha kukichomeka mama mwenyekiti akasema, "Dada, sisi hatupandi mlima bila hiyo katiba."

Mashine haikuganda tena; kabla ya magharibi walikuwa nayo mkononi, na Jumatano ilipokelewa wilayani.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Kama nimekukosea heshima, nisamehe kwa hilo, lakini jibu halibadiliki. Nimewakumbuka mno, wakati mwingine mpaka nalia, na Krismasi nitakuja. Nitakuja kuwaona, kisha nitarudi kazini.

Msalimie wifi. Msalimie mjomba katekista, ndiye najua atamsomea mama barua hii; asiruke mahali. Mwambie mama nakula vizuri.

Na kile chumba mlichonipigia lipu, nashukuru kwa moyo wote. Wekeni humo mahindi.

Mdogo wako,
Skolastika