Shingo ya Gauni la Chiriku

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana nakujua, barua huzisomea jikoni umesimama, na hii ni ndefu kidogo. Goti linaendeleaje? Shemeji ameacha kupanda juu ya paa na umri ule, au bado anajiona kijana? Na bibi harusi wetu, binti yako Chiriku, bado anaongea hata usingizini? Mimi ni mzima, nakula, na cherehani yangu inanguruma kutwa. Najua unangojea habari za gauni lake. Nitafika huko, usiruke mistari.

Nianze na mkono wangu wa kulia. Umegoma. Hauumi, haujavimba; kupika napika, kushona nashona, chaki naishika nachora mstari ulionyooka. Lakini nikifungua mkasi juu ya kitambaa kipya, mkono unasimama. Vidole vinakuwa si vyangu. Natazama makali yamekaa wazi juu ya mstari, kijasho chembamba kinanitoka, na kitambaa kinaningoja. Ilianza ulipotuma ile hariri nyeupe ya Chiriku, nikadhani ni heshima ya harusi tu. Kisha ikahamia vitambaa vyote, hata mapazia ya hoteli. Tangu hapo naishi kwa kukunja mapindo na kubadilisha zipu, na wateja wa magauni nawapiga chenga: leo umeme, kesho mashine. Fundi asiyekata, Dada, ni fundi wa nini? Nilikuwa na hakika nafunga duka.

Nilikwenda hospitali, nikachunguzwa mishipa, nikapigwa picha, nikaambiwa mkono ni mzima kabisa. Basi nikarudi na mkono wangu mzima usiofanya kazi. Muuguzi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alinikuta nimekaa mbele ya meza ya kukatia natazama tu, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kufikiria daktari wa akili. Nikanuna. Nikamwambia mimi si kichaa. Akacheka, akasema yeye mwenyewe aliwahi kwenda, na sare zake nimemshonea miaka yote bila kumwona kichaa.

Ubishi wangu unaujua. Kabla sijamsikiliza, nikajipeleka kwingine. Nilisikia redioni tangazo la mkufunzi anayebadilisha watu kwa njia yenye jina refu la ubongo na lugha, ambayo wenyewe huifupisha NLP. Nikaingia ukumbini kumejaa watu, tukaruka, tukapiga makofi, tukaambiwa tupaze sauti kwamba sisi ni simba. Nilinguruma na wenzangu, usinicheke. Nikarudi dukani simba, nikafungua mkasi, nikasimama pale pale. Nilipomhadithia muuguzi alivunjika mbavu, kisha akaniambia yupo daktari kamili wa magonjwa ya akili anayeitumia njia hiyo hiyo, ila yeye hangurumishi mtu.

Chumba chake kiko juu kabisa, mwisho wa ngazi. Pazia ni jepesi, rangi ya maziwa, na upepo ukilijaza linaingia ndani taratibu, linarudi, kama chumba kinapumua. Daktari ni mtu mzima, sauti ya chini, na koti lake jeupe lina kifungo kinachoning'inia kwa uzi mmoja. Kifungo kile kilinitesa. Aliniuliza usingizi, chakula, misiba, kama huwa natamani kufa. Alitaka kujua yote kabla ya kugusa lolote. Akanieleza wazi kwamba njia ile wenzake wengi hawaiamini, kwamba haitibu kila kitu, na kwamba yeye huitumia pamoja na mambo mengine anapoona itamfaa mtu. Nilimpenda kwa kutotia chumvi. Halafu akaniomba nifumbe macho.

Akaniuliza nikifungua mkasi naona nini. Sikujua kama naona kitu, kumbe kilikuwepo: hariri imechanika, nyeupe, kubwa kama ukuta, imenijia hadi puani. Akasema niisogeze mbali, niififishe, niipunguze. Sasa mimi kupunguza najua kwa namna moja. Nikaitoboa pini pande mbili, nikaifinya ubavuni kama gauni la mtu aliyekonda. Nilipomweleza akasema hajawahi kumpata mgonjwa aliyefanya hivyo, niendelee. Nikaifinya mpaka ikawa leso, nikaiacha ipeperuke, ipite pazia, ielee juu ya mapaa ya mabati na nyaya za umeme, ndogo, nyeupe, haina haraka. Nilikaa pale naisindikiza kwa macho yaliyofumbwa, na sikutaka kuondoka. Wiki ile nzima nilitembea kana kwamba ardhi imetiwa bitana laini chini ya nyayo.

Lakini mkono ukabaki vilevile. Nilirudi nimekasirika, nikamwambia picha imekwenda zake na mkasi bado haufungi. Wala hakutikisika. Aliniuliza kama kuna sauti. Nikatega sikio, na kweli ilikuwepo, nyuma ya bega la kushoto, inasema jambo moja tu: "Ukikosea hapo, tumekwisha." Nilitaka kuitupa dirishani ifuate leso. Daktari akaniambia, "Usiifukuze. Ipunguze mwendo, uisikie."

Nikaipunguza, kama unavyolegeza mguu kwenye pedali mpaka sindano inashuka mara moja moja. Na ilipokwenda polepole, Dada, nikaitambua. Ni yako.

Usiiweke barua chini. Ni sauti yako, lakini si ya sasa. Ni ya yule msichana aliyefiwa na mama, ana mdogo wa kulisha, na mteja wa kwanza ameleta kitambaa ambacho kikiharibika hatuna cha kumrudishia. Tumesimama mezani. Umenipa mkasi nikate shingo ya gauni, mimi kitoto, kwa sababu mkono wako ulikuwa haushiki. Miaka yote nimeibeba sauti ile nikidhani ni ukali wako. Nilipoisikia taratibu, ilikuwa inatetemeka. Hukuwa unanikemea. Ulikuwa unaogopa, na hukuwa na mtu mwingine wa kumwambia ila mimi. Nililia mpaka daktari akanisogezea kitambaa cha machozi, nacho, samahani, kilikuwa na pindo baya sana.

Akaniuliza baada ya hapo ikawaje. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Ulisogea ukaweka mkono wako juu ya wangu, na ubaridi wa kastabini yako, kile kikofia cha chuma ulichovaa kidoleni, ukanigusa hapa, kwenye fundo la kidole cha shahada. Tukakata pamoja. Shingo ikatoka safi, ukacheka peke yako, mimi nikacheka kwa kuwa umecheka. Daktari akanifundisha kubonyeza fundo hilohilo huku nikiirudia ile hali ya mkono wako na kicheko chetu, polepole, tena na tena, mpaka kidole kijue njia chenyewe.

Sasa nikuambie nililokuficha. Kila uliponipigia simu ukauliza gauni, nikakujibu linaendelea, nilikuwa nakudanganya. Hariri ya Chiriku ilikuwa bado imekunjwa kwenye karatasi uliyoifungia, na harusi ni mwezi ujao. Nisamehe, Dada. Niliogopa kukuambia kuliko nilivyoogopa kukata.

Asubuhi ya leo nimeitandika mezani. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye miguu ya cherehani, na hariri ikang'aa hata sikuona mwisho wake. Nikabonyeza fundo la kidole. Nikafungua mkasi. Makali yakaenda. Mlio wa hariri ikikatwa unaujua, kama mtu anayembembeleza mtoto anyamaze. Nimekata sketi, nimekata mgongo, nimekata mikono. Machozi yameanguka mezani, si kwenye kitambaa, tulia.

Imebaki shingo. Mkono uko tayari, ningeweza kuikata sasa hivi, lakini nimeiacha makusudi. Daktari anasema naweza kuibadili ile sauti nitakavyo, niipe nyingine tamu. Mimi sitaki ya kutengeneza. Nataka yako yenyewe, ya leo, ya mama wa bibi harusi. Njoo na goti lako hilo hilo, usimame nyuma ya bega langu la kushoto, useme chochote unachotaka, hata habari za paa, nami nitakata.

Msalimie shemeji, mwambie ashuke. Mwambie Chiriku asinenepe wala asikonde kabla sijamaliza. Daktari hakujui lakini anakusalimu; kifungo chake nimeshakishona, nilishindwa kuvumilia. Mkasi nimeulaza juu ya meza. Ukija, ulete kastabini.

Mdogo wako,
Kijiti