Kinasa Sauti Kwenye Kola

Shoga, umelala? Mwenzio nimechoka hata kulia.

Ile filamu ya vijana kuacha kusali imeonyeshwa leo kanisani. Unakumbuka waliponihoji, walinipachika kinasa sauti kwenye kola? Nilisahau kukivua, nikaenda uani kunong'ona na dada.

Kanisa zima limenisikia: "Mimi siombi. Nachezesha midomo tu, bibi asihuzunike."

NACHEZESHA MIDOMO TU! Na bibi yuko ubavuni kwangu!

 Tumefika mlangoni nyumbani, anatafuta funguo, ndipo akasema, "Babu yako alipokufa, nami nilichezesha midomo mwaka mzima."

Nikamuuliza, "Halafu?"

"Halafu nini, mjukuu wangu? Wenzangu walikuwa wananiombea. Jumapili usichelewe."