Bangili ya Marehemu Baba

Magamba, Lushoto
14 Juni 1969

Mama mpendwa,

Shikamoo. Leo ni mwaka mmoja na miezi mitano tangu uniage pale Songea. Mgongo wako unaendeleaje? Natumaini shamba la ujamaa limewapa mahindi ya kutosha. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, na kazi ya kupasua mbao inachosha mpaka mifupa.

Usicheke mwandiko. Februari gogo liliteleza likanibana mkono wa kulia, ule wenye bangili ya chuma ya marehemu baba. Mfupa haukuvunjika, lakini vidole vililala. Hata kijiko kiliniponyoka. Nilinyamaza kwa kuogopa utalia. Nyapara alisema mkono usipoamka mpaka mwisho wa Mei, nirudi kwetu.

Sheshe, mwenzangu anayevuta msumeno upande wa chini, akanipeleka zahanati ya masista. Sista Paskalina ana mashine ngeni: waya umeviringishwa kama kata ya kubebea maji, unaingiza mkono katikati. Umeme unapita na kukatika, unapita na kukatika, na kila ukipita waya unakuwa sumaku. Alisema huenda mishipa ya fahamu ikazinduka, lakini hakuniahidi.

Siku ya kwanza bangili ilitetemeka, ikalia kama njuga. Nikajua baba huyo! Nikamwamkia kwa sauti. Wagonjwa walicheka mpaka wakakohoa. Sista akasema si baba, ni chuma, na kwamba nisipoivua hataendelea. Nikakataa, nikarudi kambini. Sheshe akaniuliza kama nitapasua mbao kwa bangili. Wiki iliyofuata nikaivua.

Nilikwenda kila Jumanne na Ijumaa. Mwisho wa Aprili kidole gumba kiliwasha, kisha kikapinda. Sista hasemi kama ni mashine au ni kule kupumzika. Mimi sijali. Nimerudi kwenye msumeno, na barua hii nimeiandika kwa mkono huohuo.

Sasa nikiri, Mama. Uliniambia bangili isitoke ila siku ya kumvisha mchumba. Nilipoivua nilimpa Secilia, binti wa kijiji cha Rangwi anayetupikia kambini, anitunzie. Akaivaa ili isiibiwe. Nilipopona nikaenda kuidai. Akaninyooshea mkono, akasema niivue mwenyewe kama vidole vimepona kweli. Vidole vimepona, Mama. Sikuivua.

Sheshe na Secilia wanakuamkia. Nisalimie mjomba, na umwambie afue koti lake. Nataka aje huku kuniposea. Nitafika nyumbani kumchukua tarehe tisa Agosti, mkono mtupu. Tafadhali usiniulize mbele ya watu.

Mwanao,
Kastori