Maili Tisini na Mbili

Cheektowaga, 9 Aprili 2025

Mpendwa dada Jeptoo,

Salamu nyingi. Hujambo huko Louisville? Wagonjwa wako wodini wanakuachia nafasi ya kulala? Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Nyonga imefungwa vyuma, na binamu yetu Peninah amenichukua kwake huku pembeni mwa Buffalo, maana Columbus ningebaki peke yangu.

Hatujaongea tangu siku ile, basi nikusimulie. Ndege ndogo iliyonivuta juu na bawa langu lisilo na injini iliponiachia, nilipata hewa ya kupanda mara mbili, kisha ikakatika. Unaijua hewa ya Machi: inakurusha juu kama gunia, halafu inakutupa. Bawa lilipigwa upande nikiwa karibu na ardhi, nikaangukia shamba la mabua ya mahindi, matope tupu. Redio ilivunjika. Nililala pale kwa muda wa saa mbili na nusu, hadi mwenye shamba alipoona kitambaa chekundu cha bawa.

Nilikuona juu yangu. Ulizunguka mara moja, ukaelekea kaskazini. Peninah akiniuliza, namwambia hukuniona.

Ulifika wapi? Mimi ndiye niliyekufundisha kuruka, nina haki ya kujua.

Kaka yako,
Harun

Louisville, 2 Mei 2025

Kaka Harun,

Habari ya maumivu? Pole sana, na pole tena. Nisamehe kwa kuchelewa, nimepangiwa zamu mfululizo.

Nilikuwa juu sana, na jua lilikuwa machoni. Nilidhani umetua salama. Nilifika maili tisini na mbili. Sijawahi kufika mbali hivyo.

Nitakuja mambo yakitulia. Msalimie Peninah.

Mdogo wako,
Jeptoo

Louisville, 16 Novemba 2025

Kaka Harun,

Natumaini baridi haijaisumbua nyonga. Umeniandikia mara tatu, sikujibu. Umepiga, nikaiacha simu iite.

Nilikuona. Sikuwa juu sana. Niliona bawa limepinduka na mguu wako umekaa vibaya, mguu ambao ningeuona kazini ningemwita daktari huku nakimbia. Nikasema kwenye redio, "Harun, inua mkono." Hukuinua. Nilikuwa naanza kuzunguka mara ya pili hewa iliponinyanyua, tulivu, yenye nguvu, ile uliyosema mtu huipata mara moja kwa miaka mingi. Nikajua nikishuka nimeipoteza. Nikajiambia barabara iko karibu, mtu atakuona. Samsoni, aliyetufuata kwa gari, alikuwa nyuma sana, redio yake haitufikii. Ningegeuka dakika tano tu angenisikia. Sikugeuka.

Mimi ni muuguzi, kaka. Wanaoletwa kwangu siwajui hata majina, na sijawahi kumwacha mmoja.

Peninah ameniambia daktari alisema ungefikishwa hospitali mapema ungetembea bila fimbo. Sijaruka tena, lakini hilo halikurudishii kitu. Nisamehe. Kama huwezi, niandikie kwamba huwezi.

Mdogo wako,
Jeptoo

Cheektowaga, 11 Januari 2026

Jeptoo,

Tuko salama. Theluji imetufungia ndani wiki nzima. Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya Biblia ya Peninah, nikashindwa kuigusa tena hadi leo.

Nilijua. Redio haikuvunjika. Nilikusikia ukisema niinue mkono. Mkono ulikuwa umebanwa chini ya chuma cha bawa, sikuweza kuuinua wala kubonyeza nikujibu. Nilisema imevunjika ili kukupunguzia aibu, na nikakuuliza ulifika wapi ili uniambie mwenyewe. Aprili ningekusamehe kabla chai haijapoa. Wewe ukaniandikia habari za jua. Barua ile inaniuma kuliko nyonga.

Na mimi nina langu. Asubuhi ile upepo haukunipendeza hata kidogo. Niliona haya kumwambia mdogo wangu tufunge mabawa turudi nyumbani. Ningesema neno moja tu, tungekuwa tumekunywa chai nyumbani kwangu Clintonville saa nne ile, tukilalamikia hali ya hewa.

Njoo. Siwezi kukuahidi uso wa furaha. Mlango wa mbele una ngazi, nimeachana nao. Gonga wa nyuma, na usubiri, kwa maana siku hizi nachukua muda kufika mlangoni.

Kaka yako,
Harun