Kituo cha Mwisho, Kapseret

Kavetsa, nimetoka kwa mkutano wa reli huku Kapseret.

Nilikuwa naonyesha watu ramani ya treni ya mjini. Nikawaambia kituo cha mwisho kitajengwa kwa shamba tupu.

Mama mmoja, Mama Waiyego, akasimama. "Tupu? Watoto wangu wawili wamezikwa hapo."

Wawili, Kavetsa! Na ni mimi nilichora hiyo laini ya reli. Kwa picha ya setilaiti niliona nyasi tu.

Akaniuliza polepole, "Ni wewe ulichora?" Nikasema ndio.

Akaniomba niandike majina yao kwa ramani. Nikaandika Mbuthia na Shiko, nikilia mbele ya watu wote.

Tukiingia kwa gari bosi wangu akasema, "Hiyo ramani umeharibu. Kesho chapisha ingine, na kituo kibaki hapo hapo."